Jinsi ya kuisoma siasa ya Thailand kwa kuitembea barabara moja

Nilipohamia Bangkok kwa masomo, nilibeba kitabu kinene cha historia ya Thailand nikajiwekea lengo la sura moja kila usiku. Sura ya tano ilinishinda. Jenerali alimwondoa jenerali, katiba ikafutwa ikaandikwa nyingine, mtu mmoja akatajwa kwa majina matatu, na tarehe za kitabuni hazikulingana na zile nilizoziona zimechongwa kwenye mawe mjini. Mwenye nyumba wangu, pale Banglamphu, alikuwa mama mtu mzima niliyemwita Pa, kama Wathai wanavyomwita mwanamke aliyemzidi mama yako umri. Jioni moja alinikuta ngazini nimekiinamia kitabu. Akaniambia nikifunge kwanza, niende Ratchadamnoen nikatazame vilivyoondolewa.

Tangu siku hiyo nimeitembea barabara hiyo mara nyingi, na wageni kadhaa nimewapitisha. Toka mwanzo hadi mwisho haifiki kilomita nne. Kama huna safari, tandaza ramani ya Bangkok mezani uifuate kwa kidole. Utapata karibu yote isipokuwa jua.

Ratchadamnoen maana yake ni mapito ya mfalme. Chulalongkorn, Rama V, aliianzisha mwaka 1899, baada ya ziara yake ya Ulaya ya 1897, ili iunganishe Kasri Kuu na makazi mapya ya Dusit. Ilichorwa kwa ajili ya msafara wa mtu mmoja. Wote waliokuja baadaye, wanasheria, maafisa wa jeshi, wanafunzi, wafanyakazi, waligombania barabara hiyohiyo, kwa kuwa aliyesimama pale huonekana na nchi nzima.

Daftari kabla ya viatu

Chukua daftari uchore safu mbili za miaka. Upande mmoja andika mwaka wa kawaida, upande wa pili mwaka wa Kibudha unaotumika Thailand, ambao unazidi kwa 543. Mwaka 1932, ambao kundi la raia na wanajeshi liliuondoa utawala wa mfalme asiyefungwa na katiba, ni 2475. Mwaka 1973 ni 2516. Hilo ni jepesi. Mtego uko kwenye tarehe za kabla ya 1941, kwa sababu zamani mwaka wa Thailand ulianza Aprili mosi. Mfalme Prajadhipok alijiuzulu tarehe 2 Machi 1935. Ukijumlisha 543 unapata 2478, lakini hati za wakati ule zinasema 2477, maana Machi ilikuwa bado imo ndani ya mwaka uliotangulia. Mimi nilipoteza wiki nzima nikidhani kitabu kimekosea.

Majina nayo yanahitaji ukurasa wake. Wathai huitana kwa jina la kwanza, hata magazetini: waziri mkuu aliitwa Thaksin, au Prayut, na jina la ukoo linabaki nyuma. Majina ya ukoo yenyewe yaliletwa kwa sheria mwaka 1913. Kabla ya hapo, na kwa muda baada yake, mtumishi mkubwa wa dola alipewa cheo chenye jina lake jipya. Chukua viongozi wawili wa 1932: mwanasheria Pridi Banomyong ni huyohuyo Luang Pradit Manutham, na Plaek, kijana wa kikosi cha mizinga, anajulikana duniani kwa jina la cheo chake, Phibunsongkhram, au Phibun kwa kifupi. Andika majina yote ya mtu kwenye mstari mmoja.

Halafu kuna tatizo letu sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Neno letu ni moja, mapinduzi, nasi tunalitumia kwa vifaru vya usiku wa manane na vilevile kwa umma unaobadilisha mfumo wa nchi. Wathai wana matatu. Patiwat ni kugeuza mfumo wenyewe. Ratthapraham ni wenye silaha kutwaa serikali. Kabot ni uasi, na hapo ndipo siri ilipo: kitendo kilekile cha wanajeshi kikifaulu huitwa ratthapraham, kikishindwa huitwa kabot na waliokifanya huwa wahaini. Kila unapokutana na tukio, andika kando ni lipi kati ya hayo matatu, kisha uandike ni nani aliyeliita hivyo. Majenerali kadhaa walipenda kuuita utwaaji wao patiwat. Hata idadi inayumba kwa sababu hiyo. Hesabu inayotajwa sana ni mapinduzi 12 yaliyofanikiwa na katiba 20 tangu 1932, lakini muulize anayehesabu kama 1932 yenyewe ameitia ndani.

Mfano ninaoupenda ni kabot ya Manhattan. Tarehe 29 Juni 1951, Phibun, akiwa waziri mkuu, alikuwa kwenye sherehe ya kupokea meli ya kuchimba mchanga iliyotolewa na Marekani, iitwayo Manhattan. Maafisa wa jeshi la majini wakamteka mbele ya mabalozi, wakampeleka kwenye manowari yao kuu, Sri Ayudhya. Jeshi la anga lilijibu kwa kuilipua manowari hiyo huku waziri mkuu akiwa ndani. Meli ikazama, Phibun akaogelea hadi ukingoni, akaendelea kutawala. Wanamaji waliitwa waasi, na jeshi lao likapunguzwa nguvu kwa miaka mingi. Wangefaulu, tungekuwa tunaandika ratthapraham.

La mwisho kabla ya kutoka ni ulimi. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinampa anayemkashifu mfalme, malkia, mrithi au kaimu mfalme kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na watu wamefungwa kwa maandishi ya mtandaoni. Usimuulize dereva wa teksi wala mwenye kibanda cha chakula anamwonaje mfalme. Wewe utapanda ndege urudi kwenu, yeye atabaki. Pa alinieleza mengi kwa miaka tuliyokaa pamoja, na siku zote aliyaeleza akiwa ameufunga mlango.

Anzia Thammasat

Shuka gati la Tha Phra Chan, uingie Chuo Kikuu cha Thammasat. Pridi alikianzisha mwaka 1934 kwa jina la Chuo Kikuu cha Maadili na Siasa, kwa imani kwamba watu waliopewa katiba wanapaswa kufundishwa kuitumia. Nenda moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa mpira. Kaa chini.

Alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 1976 uwanja huu ulishambuliwa. Wiki chache kabla, Thanom Kittikachorn, mtawala wa kijeshi aliyekimbia nchi mwaka 1973, alikuwa amerejea akiwa amevaa joho la utawa. Wafanyakazi wawili wa umeme waliobandika mabango ya kumpinga walikutwa wamenyongwa huko Nakhon Pathom. Wanafunzi wakaigiza kunyongwa huko. Gazeti moja likachapisha picha na kudai kwamba kijana aliyening'inizwa katika maigizo alifananishwa na mrithi wa ufalme. Redio za jeshi zikachochea. Polisi, wakiwemo polisi wa mpakani, pamoja na makundi ya mrengo wa kulia ya Skauti wa Vijijini na Krathing Daeng, wakaingia na silaha za kivita. Wanafunzi walilazwa kifudifudi kwenye nyasi hizi bila mashati. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 46. Wengi wanaamini walikuwa zaidi. Jioni ileile jeshi likatwaa serikali.

Usiipite sehemu hii haraka. Hapa ndipo utakapofahamu kwa nini maelfu ya vijana waliingia msituni kujiunga na wakomunisti, na kwa nini amri namba 66/2523 ya Jenerali Prem, mwaka 1980, iliyowafungulia njia ya kurudi, ilipewa uzito mkubwa. Utafahamu pia ukimya. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya msamaha, na hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya asubuhi hiyo. Kwenye daftari, katika safu ya 2519, acha nusu ukurasa wazi.

Vuka barabara uingie Sanam Luang, uwanja mpana wa sherehe za kifalme. Kwenye miti inayouzunguka ndipo miili ilipotundikwa siku ile, na mpigapicha Neal Ulevich alipata tuzo ya Pulitzer kwa picha alizozipiga hapa. Miaka 44 baadaye, Septemba 2020, vijana waliokuwa wakiandamana kwa saluti ya vidole vitatu walichimbia bamba kwenye uwanja huu likisema nchi ni mali ya wananchi. Haikupita siku nzima, bamba likang'olewa. Hicho ndicho kitu cha kwanza kukosekana. Kiandike.

Kutoka Khok Wua hadi kwenye Mnara

Ukianza Ratchadamnoen ya kati utaiona Royal Hotel. Mei 1992 ukumbi wake uligeuzwa kuwa hospitali ya dharura. Jenerali Suchinda Kraprayoon, aliyeongoza utwaaji wa Februari 1991, alikuwa amesema hatakuwa waziri mkuu, kisha Aprili 1992 akawa. Watu wakamiminika barabarani, wengi wao wafanyakazi wa ofisini wa tabaka la kati. Jeshi likafyatua risasi, kisha likaivamia hoteli yenyewe. Hesabu rasmi ni vifo 52. Usiku wa tarehe 20 Mei televisheni ilimwonyesha Mfalme Bhumibol akiwa kitini, na chini sakafuni wameketi Suchinda na mpinzani wake Chamlong Srimuang wakimsikiliza. Tafuta kanda hiyo uitazame mara mbili. Mara ya kwanza utamwona msuluhishi. Mara ya pili jiulize bunge lilikuwa wapi.

Mbele kidogo ni njiapanda ya Khok Wua, penye kumbukumbu ya tarehe 14 Oktoba 1973, umbo la chedi, mnara wa Kibudha, lenye majina ya waliokufa. Hapa Pa alikuja nami mwenyewe mara moja. Mwaka ule alikuwa msichana wa kiwandani, hakuwa mwanafunzi, na alikuwa akibeba maji kwa ndoo kuwapelekea waliokuwa juani. Yote yalianza na watu 13 waliokamatwa kwa kudai katiba. Umati uliotoka Thammasat ukaijaza barabara hii, risasi zikalia, watu 77 wakafa, na Thanom na wenzake wawili wakaondoka nchini. Jambo ambalo Pa alitaka nilielewe ni muda: kumbukumbu hii ilifunguliwa mwaka 2001. Waliokufa kwa ajili ya katiba walingoja miaka 28 kupata jiwe.

Njiapanda hiyohiyo, tarehe 10 Aprili 2010, jeshi na waandamanaji wa shati jekundu walipambana usiku, na zaidi ya watu 20 wakafa, raia na askari. Kuhusu rangi za mashati, usijaze daftari. Inatosha kujua kwamba Thaksin Shinawatra alishinda 2001 na kwa kishindo 2005, viti 375 kati ya 500, akiwa na mpango wa matibabu kwa baht 30 uliomfikia maskini wa kaskazini na kaskazini-mashariki. Kwamba mashati ya njano waliokuwa wakimpinga walidai wanalinda ufalme. Kwamba jeshi lilimpindua Septemba 2006. Na kwamba kila mara chama chake kiliporudi kwa kura kiliondolewa kwa njia nyingine. Waziri mkuu Samak aliondolewa na Mahakama ya Katiba mwaka 2008 kwa kulipwa kuendesha kipindi cha mapishi. Yingluck, dada yake Thaksin, aliondolewa na mahakama hiyohiyo tarehe 7 Mei 2014, na siku 15 baadaye Jenerali Prayut akatwaa nchi.

Sasa uko kwenye Mnara wa Demokrasia, na hapa uchukue muda wako wote. Huu mnara husomeka kama kitabu ukijua hesabu. Mabawa manne yana urefu wa mita 24, kwa sababu ya tarehe 24 Juni, siku ya mapinduzi ya 1932. Mizinga 75 iliyofukiwa midomo chini ni mwaka 2475. Kinara cha katikati kilichobeba katiba juu ya sinia kina mita 3, kwa kuwa Juni ilikuwa mwezi wa tatu kwa kalenda ile inayoanza Aprili. Milango sita ni misingi sita ya Khana Ratsadon, Chama cha Wananchi: uhuru wa nchi, usalama, uchumi, usawa, uhuru wa mtu na elimu. Sanamu zilichongwa na Mwitaliano Corrado Feroci. Ulifunguliwa tarehe 24 Juni 1940.

Lakini soma na upande wa pili. Phibun aliujenga akiwa mtawala wa mkono wa chuma; wenye maduka kando ya barabara walihamishwa na miti ikakatwa. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameigeuza Siam kuwa Thailand. Miaka miwili baadaye, akiwa ameungana na Japani, alitangaza vita dhidi ya Uingereza na Marekani, huku balozi wake Washington, Seni Pramoj, akikataa kulifikisha tangazo hilo, na Pridi akiwa kaimu mfalme akiongoza kwa siri harakati za Thai Huru za kuipinga Japani. Wawili walioanzisha Khana Ratsadon pamoja na wenzao Paris mwaka 1927, mmoja mwanasheria na mwingine mwanajeshi, walifika hapo. Watu wengi hueleza historia hii kama vita kati ya wafalme na wanademokrasia. Mimi nakataa. Mnara huu unakuonyesha kwamba jeshi lilikuwa ndani ya demokrasia ya Thailand tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Tafuta pia siku yenyewe. Tarehe 24 Juni ilikuwa sikukuu ya taifa. Mwaka 1960 Sarit Thanarat, jenerali aliyempindua Phibun 1957, aliiondoa na kuihamishia tarehe 5 Desemba, siku ya kuzaliwa Bhumibol. Sarit alijitawalia kwa Kifungu cha 17 kilichomruhusu kuamuru hata mtu auawe bila mahakama, na heshima aliikopa kwa mfalme kijana: sherehe za kale zikafufuliwa, ziara za kifalme vijijini zikapamba moto. Ukiuliza ilikuwaje ufalme uliopokonywa mamlaka 1932 ukawa na nguvu ile ya sakafuni 1992, jibu linaanzia kwa Sarit. Hapo andika kwa herufi kubwa: siku imeondolewa.

Phan Fa, kisha mwisho ulio mwanzo

Karibu na daraja la Phan Fa pana jumba la makumbusho la Mfalme Prajadhipok, Rama VII. Ingia, ukitafute kisa cha kujiuzulu kwake. Mapinduzi ya 1932 yalimkuta Hua Hin, katika kasri aliloliita Klai Kangwon, maana yake mbali na wasiwasi. Alikubali katiba. Mwaka 1933 Mwanamfalme Boworadet aliongoza wanajeshi kuirudisha enzi ya zamani akashindwa, nayo ikaitwa kabot. Mwaka 1935, akiwa Uingereza, Prajadhipok aliandika kwamba yu tayari kuwaachia wananchi wote mamlaka yake, lakini hayuko tayari kuliachia kundi lolote liyatumie kidikteta. Maneno hayo leo yananukuliwa na pande zote mbili. Ukiyakuta mahali, angalia nani ananukuu na amekata wapi.

Aliyemrithi ni mtoto wa miaka 9, Ananda Mahidol, aliyekuwa akiishi Uswisi. Tarehe 9 Juni 1946 alikutwa amekufa kwa risasi chumbani mwake katika Kasri Kuu. Maadui wa Pridi walieneza kwamba yeye ndiye aliyehusika, uvumi ulioandaa njia ya utwaaji wa Novemba 1947. Pridi alikimbia, akaishi China kisha Ufaransa, akafia huko 1983. Mwanzilishi wa Thammasat hakurudi kuishi tena nchini kwake.

Kutoka hapa barabara inanyooka kuelekea kaskazini, miti mikubwa pande zote, hadi Uwanja wa Kifalme. Mbele yako ni jumba la marumaru la Ananta Samakhom na sanamu ya Chulalongkorn juu ya farasi. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 1932, vikosi vilivyoitwa kwa visingizio vya mazoezi vilikusanyika hapa, na Phraya Phahon akawasomea tangazo kwamba utawala wa mfalme asiyefungwa na katiba umekwisha. Wengi wa waliosimama mstarini hawakujua wameitiwa nini. Jumba hilo likawa bunge.

Mwaka 1936 palichimbiwa bamba dogo la shaba, duara, karibu na sanamu, likisema hapo ndipo Chama cha Wananchi kilipoileta katiba kwa ajili ya maendeleo ya taifa. Magari yalilipita juu yake kwa miaka 80. Aprili 2017 lilitoweka. Mahali pake pakawekwa jingine, lenye maneno ya kuwa mwaminifu kwa dini, dola, familia na mfalme. Hakuna aliyekamatwa kwa kuliiba. Tarehe 6 Aprili ya mwaka huohuo, ndani ya jumba hilo la marumaru, Mfalme Vajiralongkorn alitia saini katiba ya 20, iliyolipa jeshi nafasi ya kuteua maseneta 250 wenye kura ya kumchagua waziri mkuu. Andika bamba na saini kwenye mstari mmoja wa daftari.

Baada ya hapo hata habari za juzi hazitakupotezea njia. Mei 2023 chama cha Move Forward kilipata viti 151, kikaongoza. Julai mgombea wake Pita alipata kura 324 akihitaji 375, kwa kuwa maseneta 13 tu ndio waliomuunga mkono. Agosti 2024 chama kikafutwa na mahakama, na wiki moja baadaye Waziri Mkuu Srettha akaondolewa. Agosti 2025 akaondolewa Paetongtarn, binti wa Thaksin, na Septemba bunge likamchagua Anutin Charnvirakul. Kwa kila jina, rudi kwenye maneno yale matatu uone kama lipo linalotosha. Mimi niliona hayatoshi, nikaongeza safu ya nne kwa ajili ya mahakama.

Fika uwanjani mapema, kabla jua halijapanda, kama walivyofika wao. Simama karibu na farasi, fungua daftari, soma orodha ya vilivyoondolewa kuanzia Sanam Luang. Kisha rudi nyumbani ukifungue kitabu, uanzie mwaka 2475.